Njano ni ya Alumini

Wakazi wa Ziwani, Shauri Moyo, Makadara na viunga vyake vyote, mnatangaziwa kwamba hadithi ifuatayo inasimuliwa na msimulizi ajuaye yote. Huona ndani ya nyumba zilizofungwa komeo. Husikia yanayonong'onwa nyuma ya mapazia. Husoma mawazo ya watu wazima kama wewe usomavyo kibao cha bei ya mafuta taa. Hakuna lililofichika mbele yake, ila mahali ilipo soksi yake ya kushoto, na ndiyo maana utangulizi huu umeandikwa na mtu mwenye mguu mmoja baridi.

Nyumba tunayoitembelea ni ya chumba kimoja, zile za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, yenye pazia la maua linaloigawanya kati. Upande wa mlangoni kuna kochi, jiko na Mulongo, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana za jua kali kule Kariobangi. Nyuma ya pazia kuna kitanda na, tangu Januari, meza ya mtahiniwa. Mtahiniwa ni Annah Nafula, mke wa Mulongo, mwenye umri wa miaka thelathini na sita. Mtoto wao wa pekee ni Vivian, wa kidato cha tatu katika shule ya bweni: msichana mpole, mwenye heshima, tegemeo la wazazi wake. Jina lake halitatajwa sana humu kwa sababu hana kosa lolote.

Nafula aliacha shule miaka kumi na minane iliyopita. Vivian ana miaka kumi na saba. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

* * *

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nafula husimama nje ya lango la kiwanda kimoja cha rangi huko Industrial Area, pamoja na vibarua wengine kama sitini. Msimamizi hutoka na kikombe chake cha chai, hupuliza, hunyoosha kidole. "Wewe. Wewe. Wewe wa leso. Wewe, hapana, si wewe, huyo nyuma yako." Aliyenyooshewa kidole ameajiriwa mpaka jioni. Asiyenyooshewa hurudi nyumbani akijifanya ana shughuli nyingine mjini. Kwa miaka tisa Nafula amekuwa akiitwa "wewe".

Akiingia ndani hupelekwa maabara kuosha vyombo vya kioo na kufua makoti. Huko mkuu wa maabara, Bwana Shiundu, ndiye mtu pekee anayemjua kwa jina. Mwaka jana alimwita kando.

"Nafula, miaka yote hii hujanivunjia hata neli moja. Msaidizi wangu anastaafu mwezi wa pili, si wa mwaka kesho, wa ule unaofuata. Ningependa nafasi yake uichukue wewe. Ni kazi ya kudumu, jina kwenye daftari, na unaingilia lango dogo."

"Lango dogo," alisema Nafula, kana kwamba ameahidiwa mbingu.

"Lakini wakubwa wanataka cheti cha kidato cha nne. Na ndani ya cheti, Kemia. C, si chini."

Basi Nafula akajiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi, wa masomo ya Jumamosi, katika shule moja ya kutwa kando ya Jogoo Road. Siku ya kwanza kwenda huko, bawabu alimwonyesha benchi chini ya dirisha: "Wazazi wanangojea hapo, mama." Aliketi. Alikaa robo saa nzima kabla ya kupata ujasiri wa kusema kwamba hakuja kumwona mtoto, amekuja kusoma. Wasichana wawili wenye sare walisikia, wakabana vicheko kwenye mikono ya sweta. Kuanzia siku hiyo darasa zima lilimwita Mathe, yaani mama kwa Sheng.

Mulongo naye hakusalimika. Pale karakana wenzake walimuuliza kila asubuhi kama amemsaidia mtoto wake mkubwa kufanya kazi ya nyumbani. Yeye alichukua vipande vya nondo, akavichomelea kuwa kishikio cha neli sita za majaribio, akakipaka rangi ya fedha na kukileta nyumbani kimefungwa kwa gazeti kama nyama.

"Ni ya nini?" Nafula alimuuliza, akijua.

"Ya kuweka hivyo vijiti vyako vya kioo. Usiseme nimekuchekea."

* * *

Tatizo la Nafula halikuwa mikono. Mpe kioevu chochote, atakidondosha tone kwa tone bila kutetemeka. Tatizo lilikuwa kukumbuka. Katika mtihani wa vitendo, mtahiniwa hupewa maji meupe yasiyo na jina, na ndani yake mna chuma fulani kilichojificha. Unatia soda kali. Ukiona mashapo meupe kama maziwa yaliyoganda, unaongeza soda zaidi, uone kama yatayeyuka. Halafu unarudia kwa amonia. Kwa tabia hizo ndipo unapomkamata mwenyewe: ni Zinki, ni Alumini, ni Risasi, ama ni Magnesi? Nafula aliyaona mashapo vizuri kabisa. Lakini likifika swali la nani ni nani, wote walikuwa wamevaa nguo nyeupe.

Likizo ya Agosti Vivian alirudi kutoka bweni, ambako walimu hukimbiza silabasi mpaka inaisha mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Akaombwa amfundishe mama yake. Akakubali kwa moyo mkunjufu, kama ilivyo kawaida yake.

Lakini wiki hiyohiyo kulikuwa na jambo la simu.

"Mama, hiyo simu ni yangu. Niliinunua na pesa za shosho."

"Pesa za nyanya yako, sawa. Shuleni wanakuruhusu kuwa nayo?"

"Hapana."

"Basi miezi mitatu ikiwa hapa bila wewe, ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ni ya video za maabara," alisema Nafula, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. "Nikipata C utarudishiwa. Nikipata C hata nitakununulia kava."

Msichana mwenye heshima hajibizani na mzazi. Alikwenda nyuma ya pazia, akachukua kalamu, akamtungia mama yake shairi la kukumbukia, ubeti mmoja wenye vina na mizani kamili, ambao wataalamu wa lugha wangeusifu:

Soda hata Amonia, Zinki huyeyuka ndani,
Risasi na Alumini, Amonia hawaoni,
Magnesi kichwa kigumu, hayeyuki asilani,
Ayodini akitiwa, njano ni ya Alumini.

Mistari mitatu ya kwanza ni kweli tupu. Zinki huyeyuka kwa wote wawili, soda na amonia. Risasi na Alumini huyeyuka kwa soda peke yake, amonia hawaijali. Magnesi hayeyuki kwa yeyote. Mstari wa nne ndio wa kuwatenganisha Risasi na Alumini, maana hao wawili hufanana kama pacha: unatia chumvi ya ayodini, na mmoja wao hugeuka njano inayong'aa kama kiini cha yai la kienyeji. Huyo anayegeuka njano ni Risasi. Si Alumini. Hajawahi kuwa Alumini tangu dunia iumbwe.

Mtu anaweza kusema kwamba kina cha -ni kilimlazimisha mshairi. Mtu anaweza kusema hivyo. Kusudi lilikuwa mama aimbe, mshairi acheke kidogo, halafu arekebishe siku hiyohiyo jioni. Utani wa saa mbili tu.

Lakini Nafula aliushika ubeti ule kama aliyekuwa akiungoja miaka kumi na minane. Aliuimba akifua, akichuja chai, akifunga kamba za viatu. Jumapili akasimama kanisani, mbele ya waumini wote, akatoa ushuhuda kwamba Mungu amempa mwalimu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na akauimba wote, mistari minne, mpaka kina mama wakapiga vigelegele na mchungaji akasema, "Vivian simama tukuone." Vivian akasimama. Ungekuwa wewe, ungesema nini hapo? Jumatatu shule ikafunguliwa.

* * *

Mwisho wa Oktoba shule za bweni hufunga ili kuwaachia watahiniwa nafasi. Vivian alirudi Ziwani na sanduku lake, na kabla hajaliweka chini alisikia sauti nyuma ya pazia: "Ayodini akitiwa, njano ni ya Alumini."

Alikwenda mferejini, kwenye bomba la mtaa, na mtungi mtupu. Kavinya, jirani yake na rafiki yake, alikuwa kwenye foleni.

"Niaje, Viv. Mathe wako bado anaimba ile kitu."

"Nimesikia."

"Si uliniambia uta-correct?"

"Nili-forget."

"Wiki tisa?" Kavinya alisogeza mtungi wake kwa mguu. "Na paper ni Jumanne. Sista, mimi si mtu wa dini, lakini hii hata shetani ataomba maelezo."

"Nitamwambia leo."

"Mwambie sasa. Ona, ndiye huyo anakuja."

Nafula alikuwa akija kutoka kazini, sufuria yake ya chakula cha mchana ikining'inia ndani ya mfuko. Nyuma yake alipita kijana mmoja wa kiwandani, Wesonga, akiendesha baiskeli. "Mama Alumini!" alipaza sauti, akicheka. "Mama Alumini, tuonane kesho!" Nafula aliinua mkono bila kugeuka. Msimulizi ajuaye yote anaweza kuwaeleza kwamba jina hilo alilipata kwa ajili ya ile sufuria, maana hakuna mwanamke wa kiwandani anayebeba githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nyingi kumshinda.

"Mbona umeduwaa?" Nafula alimuuliza binti yake. "Karibu nyumbani, mwalimu."

* * *

Jumapili baada ya ibada, Mulongo alikalia kochi akichambua mboga, jambo ambalo hakulifanya mwaka wowote mwingine. Nafula alipanga neli zake kwenye kishikio cha nondo, akajaza maji ya kawaida, akachukua kidondoshea cha dawa ya macho na kuanza kufanya mazoezi. Tone, tikisa, tazama. Tone, tikisa, tazama.

"Niulizeni," alisema.

"Mashapo meupe, yanayeyuka kwa soda, hayayeyuki kwa amonia," Mulongo alisoma kutoka kwenye daftari, akitamka kila neno kana kwamba linaweza kumlipukia.

"Risasi ama Alumini."

"Unawatenganishaje?"

Nafula aliweka kidondoshea chini. "Ayodini akitiwa, njano ni ya Alumini." Halafu akaniangalia. Samahani, akamwangalia Vivian. "Niko sawa, mwalimu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Jua lilikuwa dirishani, baba alikuwa na sukumawiki mkononi, hakukuwa na mgeni. Vivian alifungua kinywa. Aliona kanisa zima limesimama. Aliona ile simu ndani ya mfuko wa aproni. Aliona uso wa mama yake, ambao ulikuwa umetulia kwa namna ya ajabu, ukingoja.

"Uko sawa, Mama."

"Una hakika?"

"Eeh."

"Mwalimu amesema uko sawa," alisema Mulongo kwa fahari, akarudia mboga zake.

Nafula akamwaga maji ya neli ya kwanza. Jioni, wakipakua chakula, aliuliza tena, kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha. "Ule mstari wa mwisho, Vivian. Niko sawa?" Akajibiwa yuko sawa. Na Jumatatu, akipiga pasi blauzi yake ya mtihani, aliuliza mara ya tatu, bila kuinua macho. Vivian alikuwa na kinywa kilichojaa mkate, akaitikia kwa kichwa.

* * *

Jumanne saa moja asubuhi Nafula aliondoka na kalamu mbili, kitambulisho na koti jeupe la kiwandani, lililofuliwa mpaka likaacha kunuka rangi. Mulongo alimsindikiza hadi barabarani, kisha akaenda karakana. Vivian alibaki peke yake na kishikio cha nondo.

Alijaribu kusoma. Alijaribu kufagia. Saa tatu na nusu Kavinya alichungulia mlangoni.

"Ulimwambia?"

Vivian aliendelea kufagia.

"Wewe!"

"Ameshaingia, Kavinya. Imeisha."

"Haijaisha. Maabara yao ni ndogo, wanaingia kwa zamu. Kaka yangu alifanyia hapohapo. Hawa wa kibinafsi huwa zamu ya pili, saa tano. Sasa hivi wamefungiwa tu darasani wakingoja."

Vivian alirarua karatasi kutoka nyuma ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa, NJANO NI RISASI. SI ALUMINI, akaikunja mara nne na kutoka mbio. Alipita Shauri Moyo bila kusalimia mtu. Kwenye Jogoo Road aliguswa na kioo cha boda boda akatukanwa mpaka kizazi cha tatu, hakusimama. Alipofika kwenye lango la shule, kifua kilikuwa kikiwaka na kiatu kimoja kimelegea.

Langoni palikuwa na polisi wa kike mwenye bunduki, jina lake kifuani: Ndete.

"Shikamoo, afande. Nina ujumbe wa mama yangu."

"Mama yako ni mwalimu hapa?"

"Ni mtahiniwa."

Afande Ndete alimtazama kuanzia nywele hadi kile kiatu. "Mama yako ni mtahiniwa," alirudia polepole. "Na wewe umekimbia. Mkononi una nini?"

"Ni... ni maombi."

"Tuombe pamoja. Lete."

Aliikunjua ile karatasi. Alisoma. Hakuelewa Kemia, lakini alielewa herufi kubwa. Kwa mkono uleule ulioshika karatasi alimkamata Vivian. "Mwakenya," alisema. Ndilo jina ambalo kila mwanafunzi wa Kenya analijua, la kikaratasi cha majibu kinachoingizwa kwenye chumba cha mtihani. Kuna waliopelekwa kortini pale Makadara kwa ajili yake.

* * *

Ofisini kulikuwa na Mwalimu Qamar, msimamizi wa mtihani, mwanamke mwembamba wa buibui na miwani. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, kisha akainuka na kufunga mlango.

"Nani amekupa hii?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Zamu ya kwanza imetoka maabara saa nne kasorobo. Saa nne na dakika tano wewe uko langoni na hii. Unajua leo kwenye mtihani mlikuwa na nini?" Alijikatiza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Vivian akajua bila kuambiwa. Leo kulikuwa na njano.

"Mtahiniwa ni nani?"

"Mwalimu, tafadhali—"

"Jina. Matokeo yake yatafutwa. Na wakiamua ni mtandao, kituo kizima kinafutwa. Watoto mia na arobaini. Unanielewa?"

Vivian alieleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka: shairi, simu, kanisa, kina cha -ni. Afande Ndete alicheka puani. "Nimesikia uwongo mwingi kwa lango hili. Huu ndio wa kwanza wenye vina."

Mwalimu Qamar hakucheka. Alisukuma karatasi nyeupe mezani. "Andika maelezo yako. Yote. Sahihi chini."

Msichana yule aliandika. Aliandika kwamba katika mtaa wa Ziwani kulikuwa na msichana mmoja mpole aliyemtungia mama yake shairi, na kwamba kwa bahati mbaya kosa fulani liliingia katika mstari wa nne. Mwalimu Qamar alisoma akiwa amesimama nyuma ya bega lake.

"Huyu 'msichana mmoja' ana jina?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hili kosa liliingia lenyewe? Lilibisha hodi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi futa. Andika 'mimi'."

Nikafuta. Nikaandika mimi. Mimi, Vivian Mulongo, nilimfundisha mama yangu uwongo kwa makusudi kwa sababu alichukua simu yangu. Aliniuliza mara tatu kama yuko sawa, na mara tatu nilisema ndiyo. Nilitia sahihi. Machozi yaliangukia neno "makusudi" na wino ukatanda, na hata hilo halikuonekana kama mashairi.

"Sasa," alisema Mwalimu Qamar, "tutaona. Mama yako anaingia zamu ya pili. Haambiwi chochote. Akitoka, ataletwa hapa, nitamuuliza mimi. Akiukariri ubeti wako na uwongo wake, nitajua maelezo yako ni ya kweli. Akitaja Risasi, nitajua alifundishwa vizuri na hii karatasi ina kazi nyingine. Na wewe usitoe hata kikohozi."

Nilikaa kwenye kiti saa mbili na nusu. Nilisikia kengele ya kuingia. Nilijua kwamba ng'ambo ya uwanja mama yangu amevaa koti lake jeupe, anadondosha tone, anatikisa, anatazama, na maji yanageuka njano mbele yake. Niliomba kwa mara ya kwanza bila kuambiwa. Sikujua niombe nini. Akikumbuka uwongo wangu, atakosa. Akiusahau, ataitwa mdanganyifu.

* * *

Aliingia akijifuta mikono kwa kitambaa. Aliniona, akaona bunduki ya afande, akaona karatasi imelala kichwa chini mezani.

"Mama Nafula," alisema Mwalimu Qamar, "samahani kwa usumbufu. Unapotaka kukumbuka mashapo meupe, unafanyaje?"

"Nina ubeti wangu. Nilitungiwa na binti yangu."

"Tusikie."

Mama alisimama wima, kama kanisani. "Soda hata Amonia, Zinki huyeyuka ndani. Risasi na Alumini, Amonia hawaoni. Magnesi kichwa kigumu, hayeyuki asilani." Akatua. "Ayodini akitiwa..."

Saa ya ukutani ilikuwa na mlio mkubwa kuliko umbo lake. Nilitazama sakafu.

"Endelea," alisema Mwalimu Qamar.

"Mwalimu, unataka mstari wa nne vile nilivyofundishwa," mama aliuliza, "ama vile nilivyoandika leo?"

"Kwani ni tofauti?"

"Neno moja. Nilifundishwa njano ni ya Alumini. Leo nimeandika Risasi."

Mwalimu Qamar alivua miwani. Afande Ndete alisema "Ala!" kwa sauti ndogo.

"Na nani alikurekebisha?"

"Mkuu wa maabara kazini. Bwana Shiundu. Wiki ya pili ya Septemba. Mpigie simu, nambari yake ninayo kichwani. Hiyo niliikumbuka bila shairi."

Simu ilipigwa, ikawekwa mezani ili wote wasikie. Bwana Shiundu alithibitisha tarehe, na alipoulizwa anaikumbukaje, alisita. "Mwalimu, maabara nzima inaikumbuka," alisema. "Hata tulimpa jina."

Mwalimu Qamar alikata simu. Akayaweka maelezo yangu na ile karatasi ndani ya bahasha, akaandika juu yake kwa dakika nyingi, akasema ripoti lazima aiandike, lakini ataiandika kama ilivyo. Kisha akanitazama mimi. "Nenda nyumbani. Na ukifika kidato cha nne, usije kufanyia mtihani kwenye kituo changu."

* * *

Tulitembea kando ya Jogoo Road. Mama alikuwa amevua koti jeupe na kulikunja kwenye kwapa. Karibu na Shauri Moyo nilishindwa kujizuia.

"Mama, kwa nini hukuniambia unajua?"

"Nilikuuliza mara tatu kama niko sawa."

Hakupandisha sauti. Aliendelea kutembea, nami nikabaki nyuma hatua mbili.

"Siku ile Shiundu aliniita mbele ya wote," alisema. "Akasema, haya, Nafula, waonyeshe hawa wenye diploma. Nikaimba. Nilikuwa nimesimama vizuri kabisa. Nilipofika mwisho walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Miaka tisa nafua makoti yenye ile poda ya rangi ya njano, Vivian. Magunia yake yameandikwa kwa herufi nyekundu, yana risasi, usilambe vidole. Mikono yangu ilikuwa inajua. Lakini nilisema, mwanangu amesoma, mimi nani?"

Katika mwanzo wa hadithi hii nilitangaza kwamba najua yote, na kwamba nasoma mawazo ya watu wazima. Nakiri sasa. Sikujua kitu. Nililisikia jina lile mferejini nikawaambia ni la sufuria. Niliuona uso wake ukingoja siku ya Jumapili, nikadhani unangoja jibu la Kemia.

"Bado unaimba ya uwongo nyumbani," nilisema.

"Nilikuwa nakupa nafasi."

Tulipokata kona ya Ziwani, baiskeli ilitukuta. Alikuwa Wesonga, amekosa kazi siku hiyo, hakunyooshewa kidole. "Mama Alumini!" alipaza sauti toka ng'ambo. "Mtihani umeendaje, Mama Alumini?"

Mama aliinua mkono bila kugeuka, kama kawaida yake. Watu wa mferejini walikuwa wanatazama, Kavinya akiwa kati yao. Mimi niligeuka.

"Anaitwa Nafula," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Ule mstari ni mimi niliuharibu. Makusudi. Yeye alijua, mimi ndiye nilidanganya."

Wesonga alisimamisha baiskeli kwa mguu, asijue acheke au aombe msamaha. Mtungi wa mtu ulijaa ukaanza kumwagika, na hakuna aliyefunga mfereji.

"Umemaliza?" mama aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende. Kesho saa kumi na mbili na nusu niko langoni, na blauzi haijafuliwa." Akanipa lile koti jeupe nilibebe.